Kamera ijayo ikumbuke chumvi ya Nyamisati

JICHO LA DELTA
Na Salum Ndembo

Tangu msimu wa harusi uanze nimeulizwa swali hilihili mara tatu, na wote waliouliza ni vijana wapiga picha wa Kibiti: "Kaka, ninunue sasa au ningoje mpya itoke?" Wanazungumzia kamera za Canon zisizo na kioo, zile ambazo kioo cha ndani kilichokuwa kikiruka kila ukibofya kimeondolewa, na unachokiona dirishani kinaletwa na sensa yenyewe. Tetesi za matoleo yajayo wanazifuatilia kuliko mimi. Mimi nawajibu kwa kalenda.

Kampuni hii ina mwendo wake. Katika ukoo wa 5D, Mark II ilitoka mwaka 2008, Mark III 2012 na Mark IV 2016. Walipohamia kamera zisizo na kioo, R5 ikaja 2020, na R5 Mark II ikaja 2024. Anayengoja R5 ya tatu namshauri aandike 2028. Ukoo wa 7, wenye sensa ndogo na bei nafuu zaidi, haukushika hesabu hiyo: 7D ilikuja 2009, Mark II 2014, kisha tukasubiri R7 hadi 2022. Mrithi wa R7 naamini ataongezewa kasi, na bei nayo itapanda, kwa sababu wapiga picha wa ndege na michezo ndio wanaomdai. Zile za chini zitazidi kuwa nyepesi. R50 ya mwaka 2023 ina gramu 375 tu, betri na kadi vikiwa ndani.

Wepesi huo ndio unaonitia hofu. Kijana akiitwa kupiga harusi Mbwera au Salale, ndani ya delta ya Rufiji, anapanda boti Nyamisati na kwenda na maji. Kusi likivuma, rasharasha za chumvi zinamfuata njia nzima, na akishuka anakanyaga tope la mikoko hadi magotini, begi likiwa kichwani. Kwenye njia hizo nilipoteza kamera moja. Wimbi la ubavuni lilirusha maji, tone likapenya kwenye kitufe, na jioni haikuwaka tena. Sitaitaja ni ya kampuni gani, kwa kuwa kosa la kutoifunika lilikuwa langu. Lakini tangu siku hiyo, kitu cha kwanza ninachouliza kuhusu kamera yoyote ni kama viungo vyake vimezibwa dhidi ya maji na vumbi.

R7 imezibwa. R10 na R50, ambazo ndizo mfuko wa kijana anayeanza unazifikia, hazikuzibwa. Hapo ndipo ninapoona mpango wa kampuni umekwenda kombo. Anayenunua kamera ghali mara nyingi ana gari na mwavuli, na mwenye ya bei ndogo ndiye anayesafiri na boti.

Kuna jambo jingine dogo, nalo kwetu lina uzito. Kioo kilipoondolewa, sensa ilibaki uchi kila unapobadilisha lenzi. EOS R ya kwanza, ya mwaka 2018, ilikuja na pazia linalojifunga ukizima kamera. RP iliyofuata 2019, ya bei ndogo, ikanyimwa pazia hilo. Upepo wa pwani haujui bei ya kamera. Betri nayo ina habari yake: 5D Mark IV ilipimwa kupiga picha kama 900 kwa chaji moja, EOS R karibu 370. Kwenye kijiji cha delta kinachotegemea sola, tofauti hiyo inaamua kama bibi harusi atapigwa picha za kutolewa nje au la.

Wala kazi huku si harusi pekee. Eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limo katika orodha ya Ramsar, ile ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2004, na anayepanda mikoko hutakiwa kuonyesha picha za kabla na za baada, kutoka tope lilelile. Aprili 2024 mafuriko yalipofunika mashamba ya Rufiji na Kibiti, kamera inayoogopa mvua ilikuwa haina kazi.

Kwa hiyo ombi langu kwa Canon, kupitia mawakala wake hapa nchini, ni hili: mrithi wa R10 apewe mpira wa kuziba viungo, pazia la sensa, na betri kubwa ya ukoo wa LP-E6, hata kama uzito utaongezeka gramu mia. Kasi ya picha 40 kwa sekunde wabaki nayo.

Na kwa kijana aliyeniuliza: usingoje. Lenzi za EF, zilizoanza kutengenezwa 1987, zinafanya kazi kwenye kamera hizi mpya kwa adapta, basi usiziuze kwa hasara. Tafuta R7 iliyotumika, ikague vizuri kabla ya kulipa, kisha nunua mfuko usiopitisha maji kabla hujakanyaga boti.