Pointi za Kadi ya Mkopo: Ni Zawadi au Ni Chambo?

Kuna swali ambalo haliishi miongoni mwa watumiaji wa pesa kwa simu: "Benki imenipigia, wanataka kunipa kadi ya mkopo yenye pointi. Nikubali?" Anayepiga huwa na sauti tamu. Anakuambia kila ukilipa unapata pointi, pointi zinageuka vocha ya supamaketi, tiketi ya ndege au pesa. Inaonekana kama pesa ya bure kwa kununua vitu ambavyo ungenunua tu.

Kabla hatujasema lolote, tuwe wazi. Sisi tunafanya biashara ya malipo ya simu, na Waswahili walisema mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake. Kwa hivyo usituamini kwa maneno. Chukua kalamu tupige hesabu pamoja, halafu uamue mwenyewe.

Msimamo wetu ni huu: kadi ya mkopo si mbaya, na pointi si uongo. Lakini ukichukua kadi kwa sababu ya pointi, uwezekano ni mkubwa kwamba utapoteza pesa. Ichukue tu kama ungeihitaji hata isingekuwa na pointi hata moja.

Pointi zinalipwa na nani?

Wakenya tunazijua pointi kitambo. Bonga Points za Safaricom zilianza 2007, na wengi wetu tumewahi kuzigeuza kuwa airtime au data siku mfuko umekauka. Supamaketi nazo zina kadi zao. Tofauti ni kwamba pointi hizo hazikuingizi kwenye deni. Unalipa pesa yako, unapata pointi, mambo yameisha.

Pointi za kadi ya mkopo zina vyanzo viwili hasa. Cha kwanza ni kamisheni anayokatwa mwenye duka kila unapolipa kwa kadi. Sehemu yake huenda kwa benki iliyokupa kadi, na benki inakurudishia kidogo kama pointi. Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo cha sehemu hiyo mwaka 2015, kisizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo, baadhi ya kampuni za kadi Uingereza zilipunguza au kuondoa kabisa zawadi zao. Mfereji ulipobanwa, ndoo nayo ikapungua maji.

Chanzo cha pili ni riba na ada za wateja wanaochelewa kulipa. Kwa lugha rahisi, anayelipa deni lote kila mwezi anakula pointi, na anayelipa kidogo kidogo ndiye anayegharamia karamu. Swali la kujiuliza ni moja: wewe utakuwa nani kati ya hao wawili?

Tupige hesabu ya nyumba ya kawaida

Tuchukue familia ya kufikirika Nairobi inayopata KSh 80,000 kwa mwezi. Kodi ya nyumba ni 22,000. Karo na mambo ya shule, 15,000. Nauli, 8,000. Mama mboga, maziwa na nyama, 10,000. Stima, maji, gesi na data, 6,000. Supamaketi, 12,000. Zinabaki 7,000 za chama na akiba.

Sasa angalia ni wapi hasa kadi inaweza kutumika. Mwenye nyumba anataka pesa kwa paybill. Shule vilevile. Kondakta wa matatu hana mashine ya kadi, na mama mboga ana till namba imebandikwa kwenye kibanda. Kwa nyumba nyingi Kenya, mahali pa kupitisha kadi ni supamaketi, petroli, hoteli na mtandaoni, basi. Familia yetu haina gari, kwa hivyo tunabaki na zile 12,000 za supamaketi.

Tuseme kadi inatoa pointi 1 kwa kila KSh 100, na kila pointi ina thamani ya senti 50. Matumizi ya 12,000 yanaleta pointi 120, yaani shilingi 60 kwa mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 720. Tuseme pia ada ya kadi ni KSh 3,500 kwa mwaka. Familia imelipa 3,500 ili ipate 720. Imepoteza 2,780, na bado hatujagusa riba.

Ili pointi zirudishe hiyo ada tu, wanahitaji kupitisha karibu KSh 58,000 kwenye kadi kila mwezi. Viwango vya kadi yako vinaweza kuwa tofauti, lakini njia ya kupiga hesabu ni ile ile: matumizi yako ya kweli ya kadi kwa mwaka, mara thamani ya pointi, toa ada.

Halafu friji inaingia

Shida kubwa huanza pale kadi inapokuja na limiti ya laki moja. Familia imeona friji ya 40,000 na tangazo linasema wiki hii ununuzi mkubwa una pointi. Wanapitisha kadi. Pointi 400 zinaingia, sawa na shilingi 200.

Stetimenti inakuja. Inasema unaweza kulipa yote 40,000, au malipo ya chini, tuseme asilimia 20, yaani 8,000. Hiyo 8,000 peke yake tayari imezidi akiba yao yote ya mwezi. Wanalipa hiyo na kupumua. Zinabaki 32,000, na kwa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi, 1,120 inaongezeka. Mwezi wa pili wanalipa asilimia 20 ya kilichobaki, riba inaongeza kama 927. Mwezi wa tatu, kama 768.

Baada ya malipo matatu wametoa zaidi ya 20,000, na bado wanadaiwa zaidi ya 22,000 kwa friji ya 40,000. Riba imefika karibu 2,815, ambayo ni mara 14 ya pointi walizopata. Na hapo tumedhani hawajanunua kitu kingine chochote kwa kadi. Kwa kadi nyingi, ukibakiza deni, unapoteza pia zile siku za bila riba kwa manunuzi mapya, kwa hivyo hata mkate wa leo unaanza kuhesabiwa riba leo.

Asilimia 3.5 ikitajwa kwa mwezi inasikika ndogo. Izidishe mara 12 na uone: ni 42 kwa mwaka, hata kabla ya riba kuzaa riba. Ukiambiwa kiwango cha riba, uliza kila mara kama ni cha mwezi au cha mwaka.

Kadi haiumi unapolipa, na hiyo ndiyo hatari yake

Ukihesabu noti mkononi, unasikia uchungu. Ukilipa kwa simu, meseji inakuja na salio lako jipya, unaona pesa imeshuka. Kwa kadi ya mkopo salio lako la benki halisongi leo. Linasonga mwezi ujao.

Hii si hisia yetu tu. Mwaka 2001 Drazen Prelec na Duncan Simester wa MIT, Marekani, walichapisha utafiti ambapo watu walitaja bei ambayo wangelipa kwa tiketi za mchezo wa mpira wa kikapu. Wale walioambiwa watalipa kwa kadi ya mkopo walitaja bei karibu mara mbili ya wale walioambiwa watalipa pesa taslimu. Mchezo ulikuwa ule ule. Pointi zinaongeza chumvi hapo, kwa sababu zinakupa sababu ya kujisifu ukitumia: "Si nimepata pointi?" Ukitumia 5,000 ambayo haikuwa kwenye bajeti ili upate shilingi 25, hujapata 25. Umetumia 4,975.

Pointi si pesa mpaka uzitumie

Pesa iliyo kwenye akaunti yako ni yako. Pointi ni ahadi, na anayeahidi ndiye anayeandika masharti. Anaweza kupunguza thamani yake, kuweka tarehe ya kuisha, au kubadilisha unachoweza kununua nazo. Wengi wenu mnaikumbuka kadi ya Smart ya Nakumatt. Supamaketi hiyo iliwahi kuwa kubwa kuliko zote nchini, lakini ikaporomoka, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Pointi zilizokuwa zimewekwa "kwa ajili ya Krismasi" hazikuwa tena na kaunta ya kuzipokea. Ukiwa na pointi zozote, za simu, duka au kadi, zitumie mapema. Usizigeuze kuwa akiba.

Na chunga matapeli. Meseji inayosema "pointi zako zinaisha leo, bonyeza hapa uweke PIN" si ya benki wala si ya kwetu. Usiweke PIN yako kwa meseji kama hiyo.

Nani anafaa kuchukua?

Wapo. Kama mshahara wako unaingia tarehe ile ile, unalipa deni lote kila mwezi bila kubembelezwa, na kazi yako ina safari, hoteli au manunuzi ya mtandaoni, kadi itakusaidia. Mtu anayepitisha 100,000 kwa mwezi kwa viwango vyetu vya mfano anapata pointi za 6,000 kwa mwaka, anatoa ada 3,500, anabaki na 2,500 mkononi. Faida kubwa zaidi kwake ni muda: siku hadi 50 hivi za kutumia pesa ya benki bila riba, akilipa yote kwa wakati.

Lakini kama biashara yako leo iko juu na kesho iko chini, au kila mwezi Fuliza inakusukuma mpaka tarehe 30, tafadhali subiri. Deni jipya halifuti la zamani. Ukichelewa, taarifa zinafika CRB, na siku utakapoomba mkopo wa shamba au wa nyumba, friji ile itakuwa bado inakuongelea. Na kama unachohitaji ni kulipia kitu mtandaoni tu, kadi ya kawaida ya benki inayokata pesa yako mwenyewe, au kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na simu, inatosha.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

1. Ada ya mwaka ni ngapi baada ya mwaka wa kwanza? Mara nyingi wa kwanza ndio wa bure.
2. Riba ni ngapi kwa mwezi, na inaanza kuhesabiwa siku gani?
3. Pointi moja ni shilingi ngapi, na inaisha lini?
4. Nikitoa kash kwa ATM, au nikijaza simu kutoka kwa kadi, mnatoza nini? Mara nyingi hapo hakuna pointi, na riba huanza siku hiyo hiyo.
5. Naweza kuweka agizo deni lote lilipwe lenyewe mshahara ukiingia?

Kama benki inakubali hilo la tano, na wewe uko tayari kuliweka siku ile ile unayopokea kadi, basi chukua ukipenda. Kama moyo unasita na kusema "hapana, nitakuwa nikilipa mwenyewe kidogo kidogo", moyo umeshakujibu. Dawa ya deni ni kulipa, na pointi hazijawahi kuwa dawa hiyo.