Mikono Nayo Ikaguliwe

Likitajwa neno ukaguzi hapa Unguja, mawazo ya msikilizaji hukimbilia kwenye fedha. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu hukabidhi ripoti yake, Baraza la Wawakilishi huijadili, na watu vibarazani huulizana shilingi imekwenda wapi. Ni jambo jema. Lakini katika nyumba za wazee za Sebleni na Welezo wanaishi watu ambao rasilimali kubwa waliyobaki nayo ni afya yao, na afya hiyo hupita mikononi mwa mtu mwingine mara nyingi kwa siku: anayewaogesha, anayewalisha, anayewabadilisha nguo, anayewachoma sindano. Nasema mikono hiyo nayo ikaguliwe, kwa ratiba inayojulikana, na mtu asiyekuwa mfanyakazi wa nyumba yenyewe, na majibu yasomwe hadharani kama yanavyosomwa ya fedha. Simtuhumu mhudumu yeyote wa Sebleni wala wa Welezo. Mhasibu mwaminifu naye hukaguliwa, na hakuna anayeona kuwa ametukanwa.

Mwili wa mtu wa miaka 80 hauna kelele. Kijana akipata nimonia atawaka homa na nyumba nzima itajua. Mzee huenda asipate homa kabisa. Dalili ni kwamba leo hakugusa chai yake, au ameanza kuchanganya majina ya watu, au ameanguka akielekea chooni. Mpaka mtu agundue kuwa huo ni ugonjwa na si uzee tu, mhudumu yule yule ameshapita vitanda vingine vyote. Mwaka 2020, katika nyumba moja ya wauguzwa huko Kirkland, jimbo la Washington, Marekani, korona iligunduliwa mwishoni mwa Februari. Wachunguzi walipofanya hesabu mwezi Machi walikuta wagonjwa 129 wanaohusiana na nyumba hiyo: wakaazi 81, wafanyakazi 34 na wageni 14, na 23 kati ya wote hao walikuwa wameshafariki. Miongoni mwa sababu zilizotajwa ni wafanyakazi kuendelea na kazi huku wanaumwa, wengine kufanya kazi katika nyumba zaidi ya moja, na kutozoea kutumia vifaa vya kujikinga. Nchi ile haina uhaba wa sabuni. Kilichohitajika ni mtu wa kuitazama kazi inavyofanyika kabla maafa hayajafika.

Mfano ulio karibu zaidi nasi, kwa kuwa sukari imeshaingia takriban kila ukoo, ni wa North Carolina mwaka 2010. Katika nyumba moja ya kulelea watu wazima, wakaazi 8 waliambukizwa homa ya ini aina ya B na 6 wakafariki. Wote wanane walikuwa wakipimwa sukari na wahudumu. Miongoni mwa wasiopimwa hakupatikana hata mmoja aliyeambukizwa. Kitobolea kidole kilikuwa kikipita kwa mtu zaidi ya mmoja, na mashine ya kupimia ilikuwa haifutwi kwa dawa kati ya mzee na mzee. Tone lenyewe la damu unaweza usilione. Ukienda kukagua nyumba kama hiyo kwa kufungua majalada utakuta kila kitu kipo: mwongozo, saini, tarehe. Ni lazima usimame pale mezani alfajiri, wakati wazee wanapanga foleni ya kupimwa kabla ya chai, na uangalie kila mmoja amechomwa kwa sindano mpya, glavu zimebadilishwa, mashine imefutwa.

Kisha usogee kwenye maji. Bomba likikauka, na mjini Unguja linakauka, maji hukaa kwenye ndoo na madumu, na juu ya ndoo hukaa kata. Atakayechota atashika mpini, na mpini utarudi kwenye maji. Mtu akitoka kumsafisha mzee anayeharisha, halafu akachota maji ya kunywa kwa kata ile ile, ndoo nzima imeshachafuka na hakuna macho yatakayoona. Ndoo yenye koki chini inamaliza tatizo hilo kwa gharama ndogo. Zanzibar ina mpango wa miaka kumi wa kutokomeza kipindupindu, 2018 hadi 2027, na sioni vipi tutautimiza ikiwa hatujui kata inashikwa na nani pale wanapoishi pamoja watu wasio na nguvu ya kustahamili hata siku mbili za kuharisha.

Watu watasema, na ni kweli, kwamba mtu akitazamwa hunawa. Katika hospitali moja ya Toronto watafiti walifuatilia kwa vyombo vya elektroniki, na wakaona kunawa pale mkaguzi alipoonekana kulifika karibu mara tatu ya kawaida. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi. Pimeni na sabuni. Kama nyumba yenye wazee kadhaa wa kuogeshwa na kulishwa imemaliza miche miwili kwa mwezi, hakuna bango la ukutani litakalotushawishi kuwa watu wananawa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2022 lilieleza kuwa katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati wagonjwa 15 katika kila 100 wanaolazwa hospitali hupata maambukizo humo humo, na kwamba hadi asilimia 70 ya maambukizo ya namna hiyo yanaweza kuzuilika kwa usafi wa mikono na hatua nyengine za gharama nafuu.

Pingamizi ninaloliheshimu kuliko yote ni hili: pale ni nyumbani kwa wazee, si wodi, na ukipeleka sheria za hospitali utawageuza wafungwa. Zanzibar ina kumbukumbu ya kweli juu ya jambo hili. Kisiwa cha Changuu kilikuwa mahali pa kuwaweka karantini abiria wa meli, na Welezo yenyewe zama za ukoloni ilihifadhi maskini na wenye ukoma chini ya misheni ya Kikatoliki. Kwa babu zetu, kuzuia maradhi kulimaanisha kumtoa mtu kwa watu. Wakati wa korona nchi nyingi zilirudi huko huko. Wazee walifungiwa milango na wengine wakafa bila kushikwa mkono na mtoto wao. Kwa hiyo nataka ukaguzi wenyewe uhesabu na wageni: wangapi waliingia, wangapi walizuiwa, kwa sababu gani na kwa siku ngapi. Nyumba ambayo mikono yake ni safi haina haja ya kufunga geti kila mtu anapokohoa, na mzee akipata upele atatibiwa pamoja na jirani zake wa chumbani bila kuhamishiwa kona ya peke yake kwa miezi.

Fedha nazo zitatajwa, kwamba hazitoshi hata za kurekebisha, sembuse za kukagua. Lakini kupima ndiko kunakoonyesha pa kuanzia. Tanzania Bara ilipoanza kuvipa nyota vituo vya afya ya msingi mwaka 2015, ni karibu asilimia 2 tu vilivyofikia nyota tatu au zaidi. Katika tathmini ya 2017/18 vilikaribia asilimia 20. Si kwamba kupima peke yake kulileta hayo, maana baada ya kupima kila kituo kilipewa mpango wa marekebisho, lakini bila kupima hakuna ambaye angejua aanzie wapi. Sheria ya wazee tunayo tangu 2020, wizara yenye neno Wazee katika jina lake tunayo, na wanafunzi wa uuguzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) wapo Mbweni, mwendo mfupi wa daladala. Wawili wao, mwalimu wao, mizani ya sabuni na daftari, asubuhi moja kila mwezi, bila kutangaza siku. Na wakifika, kabla ya kuonana na mkuu wa nyumba, wampigie hodi mzee mmoja chumbani kwake, wamwamkie shikamoo, wamuulize kama aliyemlisha leo alinawa mbele yake.