Waraka kwa Ndugu Waandishi: Tuirudishe Bahari Hadithini

Ndugu zangu wanachama, dada na kaka zangu wa kalamu,

Ningeweza kungoja mkutano wetu wa mwaka, lakini mkutano una kelele zake, na neno nililo nalo linataka kusomwa kwa utulivu, kila mmoja akiwa na kazi yake mbele yake. Nalisema kwa mapenzi. Sifichi kwamba nalisema pia kwa masikitiko.

Tulikubaliana sote kuwa mkusanyiko wetu ujao wa hadithi fupi uhusu mazingira na mabadiliko ya tabianchi. Hatukushurutishwa na mtu. Tulisema ni aibu watu wetu wapitie ukame wa 2020 hadi 2023, uliomaliza mifugo ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, kisha yaje mafuriko ya 2024 na kimbunga Hidaya kwenye pwani ya Tanzania mwezi Mei mwaka huohuo, na fasihi ya Kiswahili ikae kimya. Hadithi zimeletwa, tena kwa wingi, na nimezisoma zote. Lakini katika nyingi sikukuta bahari wala msitu, nilikuta semina. Mzee anasimama chini ya mwembe, anawahutubia wanakijiji kurasa tatu juu ya hewa ya ukaa, wanapiga makofi, wanapanda miche, mvua inanyesha, hadithi imekwisha. Katika nyingine, jahazi linang'oa nanga Unguja mwezi wa Januari kwenda Maskati, na upepo unalisukuma kwa nyuma. Januari ni kaskazi, ndugu zangu! Upepo huo ndio uliowaleta mabaharia huku kwetu. Wa kurudia kwao ni kusi. Sitamtaja mwenzetu aliyeandika hivyo, maana kosa si lake peke yake. Tumezoea kuitundika bahari nyuma ya wahusika kama pazia la studio ya picha, na nani hukagua pazia?

Kinachoniuma ni kwamba hatukurithi uandishi wa namna hii. Shaaban Robert alimtoa Utubora kazini mjini akampeleka shambani, na katika *Utubora Mkulima*, kitabu kilichochapishwa 1968 baada ya mwandishi kufariki, jembe na udongo ndivyo vinavyompima mtu utu wake. Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, alipoandika *Rosa Mistika* mwaka 1971 hakuazima kisiwa cha watu. Aliandika kisiwa alichokijua. Kyallo Wadi Wamitila, katika *Bina-Adamu!* ya mwaka 2002, alimzungusha mhusika wake katika dunia iliyoharibiwa, akathubutu kuuliza ni nani aliyeiharibu. Hawa ndio wazee wetu. Walitofautiana kwa mitindo na hata kwa imani, lakini walikutana katika jambo ambalo chama chetu kimelishika tangu mwanzo: mwandishi ni shahidi, na shahidi hasemi asichokiona. Tunapoandika hotuba tukaiita hadithi, kwa kuwa tunadhani ndiyo itakayompendeza mfadhili au jopo la tuzo, tunauvunja ushahidi huo.

Najua wapo watakaosema kwamba ugonjwa huu wa kuiacha bahari nje ya hadithi ni wa dunia nzima. Ni kweli kwa kiasi. Mwandishi wa Kihindi Amitav Ghosh, katika kitabu chake *The Great Derangement* cha 2016, alilalamika kwamba riwaya inayojihesabu kuwa nzito imezifungia mlango tufani na gharika, ikaziachia hadithi za kubuni za kisayansi. Lakini Ghosh huyohuyo, miaka kumi na miwili kabla, alikuwa ametoa *The Hungry Tide*, riwaya ya Sundarbans, kwenye mikoko ya Ghuba ya Bengali, ambako maji yanayojaa na kupwa, chui milia na wakimbizi wasio na ardhi wanagombea matope yaleyale. Hakuna anayehutubia hapo mpaka msomaji akasinzia. Maji ndiyo yanayoamua nani afike, nani achelewe, nani afe. Kwa hiyo njia ipo, na kwetu sisi haiko mbali hata kidogo.

Tazameni Paje, au Jambiani, upande wa mashariki ya Unguja. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, kina mama wa huko wamekuwa wakilima mwani. Maji ya bamvua yakipwa, mama huteremka na vigingi na kamba, huinama kwenye maji ya magotini akifunga mbegu moja moja, huku akiangalia saa ya maji kurudi. Kwa pesa ya mwani wapo waliosomesha watoto, na wapo waliopata kauli nyumbani, kauli ambayo zamani hawakuwa nayo. Kisha bahari ikapata joto. Kotonii, mwani wenye bei nzuri, ukaanza kuwa mweupe na kukatika kwenye kamba. Ukabaki spinosamu, unaostahimili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Maji ya baridi kidogo yapo mbele, kwenye kina, ila wengi wa kina mama hao hawajui kuogelea. Hebu niambieni, ndugu zangu, hapo kunahitajika mzee wa kuhutubia? Mama ana deni, ana binti anayesubiri ada, ana mume aliyekwisha kuzoea kipato cha mkewe, na mbele yake kuna maji ya shingo. Hadithi nzima ya tabianchi imo humo, na neno lenyewe tabianchi si lazima litajwe.

Nawaonya pia juu ya jambo la pili, ambalo ni la haki. Katika hadithi nyingi mlizoleta, mkosaji ni maskini: mchoma mkaa, mvuvi wa nyavu ndogo, mama wa kuni. Afrika nzima haitoi hata asilimia 5 ya hewa ya ukaa inayotolewa duniani kwa mwaka. Huyo mama wa Paje hakuipasha moto bahari yake. Hata hivyo sisemi tuwatakase watu wetu. Mkaa unaokatiwa miombo ya bara hupikia sufuria za Dar es Salaam, zikiwemo zetu sisi tunaoandika. Na kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani, zamani kilikuwa na mivinje na kasa wakipanda kutaga. Miti ilikatwa, mawimbi yakala mchanga, na leo ni fungu linalofunikwa maji yakijaa, hata mayai ya kasa hulazimika kuhamishiwa bara. Hapo mkono wa mtu na mkono wa bahari ilishirikiana. Hadithi ya kweli hulifuata gunia la mkaa njia nzima, kutoka tanuri hadi jikoni, na haimwachi msomaji akae nje ya kesi.

Basi nawasihi, kila mmoja aichukue tena hadithi yake. Futeni hotuba. Nendeni mkakae na wanaojua: mvuvi, mkulima wa mpunga ambaye shamba lake limeingiliwa na maji ya chumvi, mfugaji aliyezika ng'ombe. Ulizeni upepo gani ulivuma, maji yalikuwa bamvua au mafu, mti gani uliangushwa na nani aliununua. Aliye ughaibuni aandike theluji anayoiona ikipungua huko aliko, hatumdai minazi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na sisi tumekuwa tukiandika tumesimama. Kamati itazipokea kazi upya mpaka masika yatakapokwisha, na hakuna atakayeaibishwa kwa kuchelewa, maadamu amekwenda kuona. Nawafahamu mmoja mmoja, najua mnachoweza, na ndiyo sababu sikukubali kupitisha kilicho chini ya hapo.

Wenu katika kalamu,
Mwenyekiti