Kipimo cha Ujuzi wa Fedha Kianzie kwenye Deni la Mwananchi

Watu wengi hudhani kwamba wanajua mambo ya fedha kwa kuwa wanajua kuzihesabu. Dhana hiyo ni dhaifu. Kuhesabu noti ni jambo moja. Kutambua noti hizo zitanunua nini baada ya mwaka mmoja, au deni litakuwa limefikia kiasi gani, ni jambo jingine kabisa. Kama vile mganga asivyoridhika na neno la mgonjwa kuwa hana homa mpaka ampime, ndivyo ujuzi wa fedha nao unavyohitaji kupimwa.

Kipimo kipo. Wachumi wawili, Annamaria Lusardi na Olivia Mitchell, walitunga maswali matatu mafupi ambayo mwaka 2004 yaliulizwa huko Marekani kwa watu waliopita umri wa miaka 50. La kwanza: mtu akiweka dola 100 kwa faida ya asilimia 2 kila mwaka bila kuzigusa, baada ya miaka mitano atakuwa na zaidi ya dola 102, dola 102 kamili, au pungufu yake? La pili: ikiwa faida ya akiba ni asilimia 1 na bei zimepanda kwa asilimia 2, je, baada ya mwaka fedha hizo zitanunua vitu vingi zaidi, vile vile, au vichache zaidi? La tatu: je, ni kweli kwamba kununua hisa za kampuni moja ni salama kuliko kununua fungu lenye hisa za kampuni nyingi? Majibu ni haya: zaidi ya dola 102, vichache zaidi, si kweli. Katika nchi hiyo yenye mabenki kila pembe, ni takriban thuluthi moja tu ya walioulizwa waliopata yote matatu. Uchunguzi mwingine wa mwaka 2014, uliowahoji watu wazima zaidi ya 150,000 katika nchi zaidi ya 140, ulionyesha kuwa duniani kote ni mtu mmoja kati ya watatu aliyekuwa na ujuzi wa msingi.

Hata hivyo, si haki kulichukua swali la ng’ambo na kumhukumu nalo mkulima wa Afrika Mashariki. Mkulima apandaye mtama na muhogo kando ya mahindi, akijua kuwa mvua ikikosekana mahindi yatakauka lakini muhogo utabaki ardhini, anaielewa vizuri maana ya swali la tatu. Akiulizwa habari za hisa atashindwa, na wapimaji watamwandika kuwa hajui. Kumbe kilichopimwa ni msamiati wa soko la hisa, wala si akili ya kujikinga na hasara.

Kipimo kinachomfaa mwananchi ni kile kinachoanzia mahali fedha zake zinapopotea, yaani kwenye mkopo. Nchini Tanzania mikopo ya riba kali imepewa jina la “kausha damu”, na jina hilo limetokana na uzoefu. Tuseme mtu amekopa shilingi 100,000 kwa riba ya asilimia 10 kwa mwezi. Wengi husikia “kumi” wakaona ni kidogo. Lakini asipolipa chochote, na riba ikawa inazaa riba, baada ya miezi 12 atadaiwa karibu shilingi 314,000. Ipo kanuni nyepesi, iliyotajwa na mwanahisabati wa Italia Luca Pacioli katika kitabu chake cha mwaka 1494: gawanya 72 kwa kiwango cha riba, nawe utapata kwa makadirio muda ambao deni litakuwa maradufu. Kwa riba ya 10 kwa mwezi, muda huo ni miezi saba na kidogo.

Kanuni hiyo hiyo hufichua ulaghai. Waliojiunga na DECI nchini Tanzania waliambiwa “wapande mbegu” za fedha, kisha wangoje mavuno makubwa kwa muda mfupi, hadi serikali ilipoingilia kati mwaka 2009. Hakuna biashara ya halali inayoweza kuzidisha fedha za kila mtu kwa kasi ya namna hiyo. Waliotangulia hulipwa kwa fedha za waliofuata, na wa mwisho hubaki mikono mitupu.

Je, ujuzi huu hufundishika? Utafiti wa Fernandes, Lynch na Netemeyer wa mwaka 2014 ulitia shaka: mafunzo yalieleza asilimia 0.1 tu ya tofauti za mwenendo wa watu, na athari yake ilififia kadiri miezi ilivyopita. Uchambuzi wa mwaka 2022, uliokusanya majaribio 76, ulileta matumaini zaidi, ukaonyesha kuwa mafunzo huongeza maarifa na kurekebisha mwenendo. Aidha, katika Jamhuri ya Dominika wafanyabiashara wadogo waliofundishwa kanuni chache nyepesi, kama vile kutenga fedha za duka na za nyumbani, walinufaika kuliko waliofundishwa uhasibu kamili. Hivyo basi, somo liwe fupi, na litolewe karibu na siku ya uamuzi.

Wapo watakaosema kuwa mama mwenye mtoto mgonjwa atatia sahihi mkataba wowote, ajue hesabu asijue. Hoja hiyo ni ya kweli, na ndiyo sababu mzigo wote usitwikwe mkopaji. Kila mkopeshaji alazimishwe kuandika kwa Kiswahili chepesi, juu kabisa ya mkataba, jumla ya shilingi zitakazorudishwa na tarehe ya mwisho. Navyo vyama vya kuweka na kukopa, vikoba na vyama vya ushirika viwe na desturi ya kumwuliza mwanachama, kabla hajapokea fedha, maswali matatu: utarudisha jumla ya kiasi gani? Ukichelewa mwezi mmoja, deni litakuwa kiasi gani? Fedha za kulipia zitatoka wapi? Asiyeweza kujibu asifukuzwe, bali aketi na katibu wapige hesabu pamoja, kisha ndipo atie sahihi.