Mwarobaini, Fedha na Istilahi ya "Usanisi wa Kijani"

Mwaka 2004 watafiti wa Pune, nchini India, walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba maji ya majani ya mwarobaini yaliyochemshwa, yakichanganywa na myeyusho wa nitrati ya fedha, hutoa chembe ndogo mno za madini ya fedha. Tangu hapo mimea mingi imejaribiwa kwa njia hiyo, na matumaini makubwa yameelekezwa kwenye tiba ya vidonda na vijidudu sugu.

Kinachotendeka chaweza kuelezwa kwa Kiswahili bila taabu. Fenoli na flavonoidi zilizomo majanini huzipa ayoni za fedha elektroni. Ayoni hugeuka kuwa atomi, nazo atomi hukusanyika na kuwa chembe zenye ukubwa wa nanomita 1 hadi 100, nanomita moja ikiwa sehemu moja ya bilioni ya mita. Viambato vingine vya jani huuvika uso wa chembe ili zisigandamane. Mchanganyiko hugeuka manjano, kisha kahawia. Kemikali kali zinazotumika katika mbinu za kawaida hazihitajiki.

Ugumu umo katika jina. Mbinu hii imekwisha kuitwa "usanisi wa kijani", tafsiri ya neno kwa neno inayombebesha msomaji wa Kiswahili maana asiyoijua: kwake kijani ni rangi ya jani (au ya chama), si sifa ya kutunza mazingira. La hatari zaidi ni kwamba kijani kikikaribiana na mwarobaini, mti uliopewa jina kwa imani kwamba hutibu maradhi arobaini, msikilizaji huhitimisha kwamba anapewa mitishamba. Hapewi mitishamba. Anapewa metali, na jani limekuwa nyenzo tu ya kuitengeneza.

Tofauti hiyo si ya wanaisimu peke yao. Fedha ikilimbikizana mwilini huweza kuigeuza ngozi rangi ya kijivu na buluu, na kwa kawaida rangi hiyo haiondoki. Mwaka 1999 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliamua kwamba dawa za fedha ya koloidi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliwi kuwa salama wala zenye kufaa. Kwa upande mwingine, krimu ya fedha salfadiazini imetumika kutibu majeraha ya moto tangu miaka ya 1960. Kipimo, ukubwa wa chembe na mahali inapopakwa ndivyo vinavyoamua, wala asili ya jani haimhakikishii mgonjwa lolote. Isitoshe, viambato vya jani hubadilika kwa udongo, majira na umri wa mti, hivyo chembe za leo huenda zisilingane na za mwezi ujao.

Watakuwepo watakaosema kwamba istilahi ikishazoeleka haifai kuguswa. Hoja hiyo ina uzito kwa maneno yaliyokwisha kuingia vitabu vya shule, lakini hili bado limo mikononi mwa watafiti wachache na wafasiri wao. "Usanisi wa chembenano za fedha kwa mimea" ni jina refu, na neno fedha lenyewe litawakumbusha wengi noti na sarafu. Hata hivyo latanguliza metali na kuuweka mmea nyuma yake, jambo ambalo mgonjwa anayeombwa kushiriki majaribio ana haki ya kulisikia kwanza.