MNUNUZI YUPO, HATI ZIPO, NAMBA IKO WAPI?

Ndugu wananchi wa Kilimanjaro, liko jambo ambalo watu hulisema kwa sauti ya chini kutoka Kiboriloni mpaka Tarakea. Leo sisi twalisema kwa sauti kubwa.

Mwananchi amejinyima. Ameuza kahawa, ameuza ndizi, ameweka akiba katika mshahara wake, au amechangiwa na watoto wake walioko Dar es Salaam na ng'ambo. Hakutaka gari lililochoshwa na mtu mwingine. Ameandikiana na kiwanda chenyewe, amelipa kwa njia ya benki, na kiwanda kimempa ankara yenye jina lake, bei, namba ya chesisi na namba ya injini. Gari limepakiwa melini, likashushwa bandarini na nailoni bado iko juu ya viti. Mambo yaliyobaki ni mawili tu: mwananchi ailipe serikali yake kodi, na serikali yake impe kadi na kibao cha njano chenye herufi T.

Hapo ndipo safari ya pili inapoanza, nayo yaweza kumchosha mtu kuliko ile ya baharini.

Twatangulia kusema, asije mtu akatupakazia: hatusemi kodi isilipwe. Nchi huru hujengwa kwa kodi ya watu wake. Barabara ya lami inayopanda Marangu haikushuka kutoka juu kama theluji ya Kibo. Tunayoyapinga ni matatu: kutozwa kodi kwa bei isiyo ya kweli, kuzungushwa bila sababu, na kulazimishwa kumpitia mtu wa kati ambaye hatukumwita.

BEI YA KWELI NI IPI?

Kwanza tuangalie hesabu, maana hesabu haina chuki wala upendeleo. Gari dogo la abiria hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25 ya bei yake pamoja na nauli ya meli na bima. Juu yake huja ushuru wa bidhaa: injini isiyozidi cc 1000 haitozwi, mpaka cc 2000 ni asilimia 5, na zaidi ya hapo ni asilimia 10. Juu ya vyote hivyo huja kodi ya ongezeko la thamani, asilimia 18. Bado ushuru wa reli na ada nyingine za forodha.

Tuchukue mfano. Gari la cc 1500 limefika bandarini kwa gharama ya shilingi milioni 40, nauli na bima zikiwa ndani yake. Ushuru wa forodha ni shilingi 10,000,000. Ushuru wa bidhaa, yaani asilimia 5 ya milioni 50, ni shilingi 2,500,000. Kodi ya ongezeko la thamani ni shilingi 9,450,000. Jumla ni shilingi 21,950,000, kabla ya ushuru wa reli na hizo ada. Ni fedha nyingi, zaidi ya nusu ya gharama ya gari lenyewe. Lakini mnunuzi alipiga hesabu hiyo mapema, akaziweka tayari.

Sasa ankara inafika mezani. Anayeitazama anatikisa kichwa: "Bei hii ni ndogo mno. Mjini gari kama hili huuzwa kwa bei kubwa zaidi." Thamani inapandishwa kuwa milioni 55. Kwa kalamu moja kodi imekuwa shilingi 30,181,250. Zimeongezeka zaidi ya shilingi milioni 8, na gari halikuongezeka hata skrubu moja!

Bila shaka mjini huuzwa ghali zaidi. Mwenye duka ana pango la kulipa, ana makarani, ana matangazo, na ana faida yake. Aliyekwenda kiwandani alikwenda huko kusudi asilipe vitu hivyo. Je, ni haki alipe kodi ya pango la duka ambalo hakuingia?

Wananchi wajue kwamba sheria iko upande wa mwenye ankara ya kweli. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 yafuata mapatano ya Shirika la Biashara Duniani ya mwaka 1994. Msingi wa kwanza wa thamani ni bei iliyolipwa hasa, au inayopasa kulipwa, kwa bidhaa iliyouzwa kuletwa nchini. Mapatano hayo yakataza thamani ya kubuni, na yakataza kumwekea mtu kima cha chini kwa amri tu. Afisa ana haki ya kutilia shaka hati, lakini ni lazima awe na sababu. "Naona ni ndogo" si sababu.

DALALI WA KAHAWA NA DALALI WA GARI

Sisi watu wa mlima huu twamjua sana mtu wa kati. Wazee wetu walipambana naye kabla wengi wetu hatujazaliwa. Walowezi hawakupenda Mwafrika alime kahawa ya arabika. Mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao cha KNPA, akiwamo mzee Joseph Merinyo katika uongozi wake. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU, na chini yake vyama vya msingi vikaenea mlimani. Shabaha yao ilikuwa nini? Ilikuwa kwamba jasho la mkulima lisiishie mfukoni mwa mtu aliyesimama njiani. Na katika miaka ya 2000, kahawa bora iliporuhusiwa kuuzwa moja kwa moja kwa mnunuzi wa ng'ambo bila kupitia mnada wa Moshi, mlima huu ulifurahi.

Basi twauliza: mkulima anayeaminiwa kuuza kahawa yake moja kwa moja ng'ambo, kwa nini haaminiwi kununua gari lake moja kwa moja huko huko?

Mnunuzi huambiwa kwamba bila wakala wa forodha hakuna njia. Lakini sheria ile ile ya mwaka 2004 yasema kwamba jambo lipasalo kufanywa na mwenye mali laweza kufanywa kwa niaba yake na wakala aliyeidhinishwa. Laweza! Neno hilo ni ruhusa kwa mwenye mali, wala halikukusudiwa kuwa kamba shingoni mwake. Wako mawakala waaminifu, kazi yao ni halali, na mwenye shughuli nyingi ana haki ya kuwakodi. Lakini mtu akiwa na hati zake kamili, anajua kusoma na kuandika, na yu tayari kulipa, kumwambia kwamba hawezi kusimama mbele ya serikali yake mpaka asimamiwe na mwingine ni kumdharau.

Tena tazama mambo yanavyokwenda. Mtu yuko Mwika, gari liko Dar es Salaam. Wazee walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Simu inapigwa: "Mzee, faili limekwama, tuma kidogo." Siku ya tatu, kidogo tena. Kidogo hicho hakina stakabadhi, hakiingii hazina, hakijengi zahanati wala shule. Mkono mtupu haulambwi, na anayelambisha mkono ni yule yule maskini aliyejinyima miaka mingi.

Na wakati huo saa inakwenda. Sheria yampa mwenye mzigo siku 21 tangu meli ianze kushusha, awe amekwisha kuuandikisha forodhani. Zikipita, mzigo waweza kupelekwa ghala la forodha, na mwisho wake ni mnada. Gharama za kulaza gari bandarini zinahesabiwa kwa siku. Mwenye haki anaposimama kubishania bei, kila siku ya mabishano inamla. Kwa hiyo wengi hunyamaza, wakalipa, wakaondoka na uchungu. Kunyamaza huko ndiko kunakolisha ubaya huu.

SERIKALI INATAKA GARI LIPI?

Twajua tulikotoka. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, biashara ya kuagiza bidhaa ilishikwa na mashirika ya umma, na baadaye magari yakawa mikononi mwa Shirika la Magari la Taifa. Siku zile kununua gari ilikuwa ni habari ya kibali, na kibali kilikuwa ni habari ya kujuana. Mwaka 1984 serikali, waziri wa fedha akiwa Cleopa Msuya, mtu wa Mwanga katika mkoa wetu huu, iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa wenyewe. Mlango ule ulifunguliwa kwa sheria. Hatukubali ufungwe kwa mlolongo wa makaratasi.

Tena serikali yenyewe yasema haitaki nchi igeuke jalala la magari ya zamani. Ndiyo maana gari lililozidi umri wa miaka 8 hutozwa ushuru wa nyongeza. Neno hilo ni jema. Gari chakavu hukata breki katika miteremko ya Rombo, hula mafuta, hutoa moshi, na vipuri vyake humfilisi mwenye nalo. Lakini mtu akitii, akaleta gari jipya kabisa, huyo ndiye anayeulizwa maswali mengi! Gari lililotumika lina thamani yake katika orodha ya forodha, na mnunuzi anaweza kuijua kabla hajaagiza. Mwenye gari jipya lililotoka kiwandani hana uhakika mpaka siku ankara yake itakapofika mezani. Hapo serikali inajenga kwa mkono wa kulia na kubomoa kwa mkono wa kushoto.

Hatusemi kwamba hakuna jema lililofanyika. Mwaka 2017 ada ya leseni ya barabara ya kila mwaka ilifutwa, na kodi hiyo ikahamishiwa kwenye mafuta. Taabu ya kila mwaka ikaisha kwa mstari mmoja wa bajeti. Hilo laonyesha kwamba wakubwa wakitaka, kamba hukatwa.

WANAOTUPINGA WASEMA HIVI

Wako watakaosema: "Ankara nyingi ni za uongo. Tukiziamini zote, hazina itabaki tupu." Twawajibu. Ni kweli wako waongo, na mwongo akikamatwa ashtakiwe. Lakini hakuna ankara iliyo rahisi kupimwa kama ya kiwanda. Namba ya chesisi imepigwa chapa katika chuma. Kiwanda kina anwani na kina daftari. Fedha zimepita benki, na benki ina kumbukumbu. Barua moja kwa kiwanda yatosha kumfichua mwongo. Kumfanya kila mnunuzi kuwa mwizi kwa sababu ya wezi wachache ni uvivu wa kazi, na uvivu huo analipishwa mtu asiye na kosa.

Wengine watasema, Moshi ni mbali na bandari. Je, hati nazo zinasafiri kwa basi siku hizi? Ofisi ya kodi iko hapa hapa Moshi. Tangu mwaka 2014 nchi za Afrika Mashariki zimekubaliana kuwa eneo moja la forodha, ili mzigo uandikishwe na kulipiwa kodi katika nchi unakokwenda kabla haujatoka bandari ya kuingilia. Hapo Holili, mwendo usiofika saa moja kutoka Moshi, maafisa wa Kenya na wa kwetu wanahudumu pamoja katika kituo kimoja tangu mwaka 2016. Kama mataifa mawili yameweza kukaa chini ya paa moja, Moshi na Dar es Salaam haziwezi kusomeana faili moja?

TUNAYOYATAKA

Sisi hatuombi hisani. Twataka mambo manne.

La kwanza: ankara ya kiwanda, ikiwa na uthibitisho wa benki, ikubaliwe kuwa bei ya kweli. Afisa anayeikataa aandike sababu zake kwa Kiswahili na kutia sahihi yake.

La pili: mwenye gari anayetaka kusimamia hati zake mwenyewe aruhusiwe bila vizingiti, na masharti yabandikwe ukutani katika ofisi ya Moshi, kila mtu ayasome.

La tatu: palipo na mabishano ya bei, gari litolewe kwa dhamana na mabishano yaendelee. Mapatano yale ya mwaka 1994 yanaruhusu jambo hilo. Gari lisifungwe kama mateka.

La nne: kodi ikisha kulipwa, namba na kadi vitolewe kwa muda uliotajwa, na atakayechelewesha aulizwe.

NASI TUNA WAJIBU WETU

Wananchi, haki haiji kwa kunung'unika kilabuni. Usikubali bei ya kuandikiwa kwa penseli. Sheria ya forodha yampa asiyeridhika siku 30 za kuandika kwa Kamishna akiomba uamuzi utazamwe upya. Kamishna naye ana siku 30 za kujibu. Asipojibu katika muda huo, ombi lahesabiwa kuwa limekubaliwa! Ni wangapi kati yetu walilijua hilo? Andika barua, weka nakala, dai muhuri wa kupokelewa. Usitoe shilingi isiyo na stakabadhi, hata kama ni "kidogo". Na ninyi viongozi wa vyama vya msingi, wasaidieni wazee kuandika barua hizo, kama waliotutangulia walivyowasaidia wenzao kusoma mizani ya kahawa.

Ndugu zetu maafisa wa serikali, wengi wenu ni watoto wa wakulima hawa hawa. Mlisomeshwa kwa fedha za kahawa ile ile. Wenye magari haya hawakuja kuomba. Wamekuja na hati mkononi na kodi mfukoni, wakitaka kuilipa nchi yao haki yake. Ipokeeni, mhesabu kwa bei ya kweli, mwape namba zao waende.