Msimletee Maji

Mtu akipata kiharusi, akarudishwa nyumbani mkono mmoja haushiki na mguu unaburuta, ukoo mzima hutoa amri moja: apumzike. Anawekewa kiti barazani. Anaogeshwa, analishwa, anavishwa. Akijaribu kuinuka afuate maji ya kunywa, watatu wanaruka: "Kaa, baba, tunakuletea!" Hiyo tunaiita huruma. Kumbe tunakimalizia kiharusi kazi yake.

Ubongo ulioumia hujifunza upya kwa kutumika. Edward Taub, mwanasaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba mkono uliodhoofika haulali kwa udhaifu peke yake. Mwenyewe huzoea kuuacha kwa sababu mzima upo. Ndipo utafiti wa EXCITE, uliochapishwa mwaka 2006, ukawavisha wagonjwa glavu nene kwenye mkono mzima kwa wiki mbili, huku wakiufanyisha mazoezi ule dhaifu. Waliofanyiwa hivyo walipata nafuu kubwa kuliko wenzao, na mwaka mmoja baadaye nafuu ilikuwa bado ipo. Sasa fikiria nyumba ambayo hata huo mkono mzima umenyang'anywa kijiko.

"Hatuna mashine," watasema. Utafiti wa LEAPS, uliochapishwa mwaka 2011 ukiwa na wagonjwa 408, ulilinganisha mashine ya kutembelea inayomshikilia mgonjwa kwa mikanda na mazoezi ya nguvu na ya kusawazisha mwili yaliyofanyiwa nyumbani na mtaalamu wa fiziotherapia. Mwaka mmoja baada ya kiharusi hapakuwa na tofauti katika kutembea.

Sisemi mgonjwa akurupushwe. Saa 24 za kwanza ni za madaktari; utafiti wa AVERT wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kumwinua mtu mapema mno na kwa wingi humdhuru. Presha ipimwe, njia isiwe na vitu vya kumkwaza, na mtu asimvute kwa mkono dhaifu: bega huteguka.

Lakini hofu ya kuanguka si sababu kuu ya kumkalisha mgonjwa. Sababu kuu ni watu watasema nini. Jirani akimkuta mama anachambua mchele kwa vidole vinavyotetemeka, ataondoka akitangaza kwamba watoto wa nyumba ile hawana adabu. Kwa hiyo tunamkalisha mama ili sisi tusifiwe, naye mguu unazidi kukakamaa.

Mwacheni achambue, hata kama wali utaiva saa tisa. Jirani akiguna, mpeni naye ungo.